Mtani Hashitakiwi

Nilimvua Koplo Gama kofia yake ya serikali makaburini, mbele ya katekista na wanawake wa Michenga, nikaitupa kwenye tope, na mpaka leo sijajuta. Tulikuwa tunamzika mtoto wa Tekla. Kaburi lenyewe lilikuwa fupi kuliko mpini wa jembe lililolichimba, na maji ya masika yalikuwa yanachuruzika ndani hata kabla hatujateremsha kile kisanduku. Kwetu mtoto mchanga huzikwa na wanawake, kimyakimya. Hakuna hotuba, na hasa hakuna utani, kwa sababu utani ni wa mtu aliyeishi akatania na kutaniwa, na huyu alikuwa hajawahi hata kulia sawasawa. Ndipo tukamwona Koplo Gama anakuja, kaptula imepigwa pasi, viatu vimeng'arishwa kana kwamba hakuna matope duniani. Akakaa ukingoni mwa kaburi, akatumbukiza miguu ndani, akasema kwa sauti ileile aliyozoea kusimamishia malori: "Halifukiwi hili mpaka nipewe jogoo wangu. Nyie watumwa wangu, tangu lini Wapogoro mnazika bila ruhusa ya Mngoni?"

Kwa asiyejua: Wangoni na sisi Wapogoro ni watani. Babu zao walikuja kututeka, babu zetu walijificha milimani wakawavizia, na vita vilipokwisha kikabaki kicheko. Akifa mzee wa Kipogoro, mtani wake Mngoni ana haki ya kukaa kaburini, kumtukana marehemu, kudai kuku, na wafiwa hucheka huku machozi yanatoka, na mioyo inapoa. Ni desturi nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini huyu aliyekaa pale ndiye aliyekuwa, juzi yake tu, amekata kwa kisu kitanda alicholazwa mama wa mtoto yule. Na bado wawili watatu walicheka. Ninawajua, nao wanajua kuwa ninawajua.

"Toka," nikamwambia.

"Mama Fide, mtani wangu, toa jogoo nitoke."

Ndipo mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kofia. Alishika kichwa chake kitupu, akaitazama kofia inavyolowa, akaendelea kucheka. "He! Utani wa leo mkali."

"Huu si utani. Nitakushitaki kwa Bwana DC, Mahenge. Wewe kwa jina lako."

Hapo kicheko kikaisha kwa wote. Katekista alinisogelea, akaninong'oneza kama mtu anayemkumbusha mtoto amri ya Mungu: "Agripina, mtani hashitakiwi."

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita tumemzika Gama mwenyewe. Baada ya kustaafu alirudi hapahapa Ifakara, akajenga kando ya barabara ya kwenda mtoni, akalima mpunga kama sisi, akazeeka kama sisi. Binti yake alikuja kwangu asubuhi, akapiga magoti mlangoni. Nilikuwa napepeta mchele. "Shikamoo, bibi." Marahaba. "Baba ametutoka. Watani wa rika lake wote wamekwisha, umebaki wewe." Nikamuuliza kama anajua mimi na baba yake tulikuwaje. Akasema anajua, baba yake mwenyewe aliwaachia neno: nikifa, mwiteni yule mama wa kofia. Basi nilikwenda. Walinishika mikono huku na huku, nikakaa ukingoni mwa kaburi lake na magoti yangu haya mabovu, nikatumbukiza miguu. Watu wakajiandaa kucheka. Sikusema neno. Walisubiri. Padri akakohoa. Jogoo akaletwa amefungwa miguu, sikumpokea. Nilikaa pale mpaka nilipoona imetosha, nikaomba niinuliwe, nikaenda zangu. Njiani mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, ndiyo umemsamehe?" Nikamwambia nimemzika, asinichanganyie mambo. Usiku ule usingizi ulinipita, na kulipokucha nikaomba karatasi.

Mwaka ule wa kofia tulipanga chumba na ukumbi nyuma ya duka la nguo la Mhindi mmoja mjini. Ukuta wa kugawa vyumba haukufika juu, kwa hiyo kila lililosemwa ukumbini nililisikia jikoni, na moshi wa jikoni ulikwenda kumsalimia mgeni ukumbini. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya masista, nimefika darasa la kumi, jambo ambalo wakati ule liliwafanya watu wanitazame kama kuku mwenye meno. Mume wangu Severini alikuwa na darasa la nne na lori. Lori hilo ndilo lililokuwa mke wa kwanza. Lilikuwa la jeshi, limebaki baada ya vita vya Wazungu, na vifaa vyake vililala na sisi: spana chini ya kitanda, plagi dirishani, na ile distribyuta inayogawa moto aliileta jikoni kila gari lilipotoka majini, akaiweka juu ya kichanja cha mafiga, pembeni ya samaki wangu, ikauke. Nilipika wali unaonuka petroli mwaka mzima. Wageni walidhani ni kiungo cha Kizungu nilichojifunza shuleni.

Bonde letu ukiliona kiangazi utasema ni nchi ya magari. Masika inapoingia linageuka kuwa nchi ya samaki, na barabara ya kutoka Michenga hadi mjini haionekani isipokuwa kwa vichwa vya matete kulia na kushoto. Lori lililotoka kiwandani lilivyo halikufika popote. Severini na fundi seremala mmoja waliinua bodi juu ya magogo ya mninga. Bomba la moshi, ambalo mwenye kulitengeneza alilificha chini, walilipindisha likapanda kando ya kibanda cha dereva na kuchungulia angani, maji yasije yakalinyonga. Distribyuta ilivikwa mpira wa ndani wa tairi na kupakwa grisi. Penye maji marefu Severini alishuka, akavua mkanda wa feni ili feni isiirushie mashine maji, akavuka polepole na injini inatokota, akafika ng'ambo, akauvaa tena. Watu waliliita Kambale, kwa sababu kambale ndiye samaki anayejikokota kwenye tope kutoka dimbwi hadi dimbwi bila kumwomba mtu ruhusa. Magari yote ya bondeni yalikuwa yamebadilishwa hivyo. Yale ambayo hayakubadilishwa yalikuwa yamezama.

Kitanda kilikuwa wazo langu. Fide, mwanangu wa kwanza, nilimzaa masika iliyotangulia, uchungu ulinikuta shambani Michenga, na nilipelekwa hospitali ya misheni nimelala juu ya magunia ya mpunga. Anayedhani gunia la mpunga ni laini na ajaribu kulilalia na uchungu wa uzazi, barabara ya Michenga chini yake. Kila shimo lilinipanda mgongoni hadi kwenye meno. Nilipopata nguvu ya kusimama nilimwambia Severini: kwenye Kambale weka kitanda kinachoning'inia. Akacheka kwanza. Kisha akachukua kitanda cha kamba, akakata mpira wa tairi mikanda mipana, akakifunga kwenye vyuma vya kubebea turubai, kila pembe na mkanda wake. Gari likirukaruka, kitanda kiliyumba tu, kama mtoto mgongoni kwa mama anayetembea. Wanawake wa vijijini walipokiona waligusa mipira ile kwa vidole, wakatazamana. Tangu hapo, mwenye mimba kubwa alipomwona Severini anapita na mzigo aliuliza atarudi lini. Miaka iliyofuata kitanda hicho kilikuja kubeba nusu ya watoto wa Michenga, na baadhi yao sasa ni wazee wanaotembelea fimbo na kunisalimia shikamoo bila kujua kwa nini ninawatazama hivyo.

Koplo Gama alikuwa na gogo lake. Alililaza barabarani pale njia ya Michenga inapoingia mjini, siku nyingine alilihamishia Kivukoni ambako magari hupanga foleni kungoja pantoni. Kazi yake ilikuwa kukagua magari yaliyobadilishwa, yaani yote. Leo bomba refu, kesho bodi imezidi kimo, kesho kutwa taa moja inamkonyeza. Na yote aliyafanya kwa utani. "Wapi leseni, mtumwa wangu?" "Nimeiacha kwa babu yako aliyemla panya wangu." Severini alijibu, askari alicheka, samaki wawili walishuka garini, gogo likainuliwa. Ukilitazama kwa mbali ni urafiki. Ukilitazama kwa karibu, anayeshusha samaki ni mmoja tu siku zote. Nilipomwambia Severini hivyo alisema sijui utani kwa sababu nililelewa na masista.

Alikuja hata kula kwangu. Namkumbuka amekaa ukumbini kwenye kiti chetu kimoja chenye mgongo, Severini amekaa kwenye tairi, mimi niko jikoni na kisamvu, sauti zinapita juu ya ukuta.

"Mtumwa wangu, mkeo anapika. Nitamteka kama babu yangu alivyomteka bibi yako."

"Mteke. Ila anasoma magazeti, utamweza?"

"Anasoma! Na wewe unalala usingizi?" Wakacheka. Kisha sauti ikashuka, na sauti ya askari ikishuka ndipo mke anapaswa kuacha kukoroga. "Lakini mtani, lile bomba lako. Na kile kibembea chako. Mkaguzi wa mkoani anakuja, ataniuliza mimi."

"Sasa nifanyeje? Maji hayamjui mkaguzi."

"Mimi ninamjua. Wewe endelea kunikumbuka tu."

Nilitoka na sinia la wali, nikaliweka chini kwa kishindo. Koplo akanawa mikono, akala vizuri, akaniambia nimezidisha pilipili. Nilikuwa nimeizidisha kwa makusudi.

Mkaguzi alikuja mwanzo wa mvua, Mzungu mwembamba mwenye nyundo. Sitasema alikuwa mwema, maana sikumjua, ila kazi yake aliifanya. Aligonga kila bolti ya Kambale, akalala chini yake kwenye matope, akatoka mgongo mzima mweusi. Alilitazama bomba muda mrefu. Kisha akapanda nyuma, akakiona kitanda, akauliza ni cha nini. Koplo Gama, aliyekuwa mkalimani, akamwambia ni cha wagonjwa, na alisema kweli. Yule Mzungu akakikalia. Akajiyumbisha, miguu inaning'inia, uso haucheki. Nilikuwa nimesimama na Fide mgongoni, hatua chache tu, na nilimsikia kwa Kiingereza chake mwenyewe: kitanda kifungwe kwa minyororo ya chuma badala ya mpira, bomba lirudishwe chini, naye atakagua tena barabara zikikauka, mpaka hapo gari litembee. Barabara zikikauka. Nililisikia neno hilo kinywani mwake, nikalisikia tena kwa Kiswahili kinywani mwa Gama, na Severini akashusha pumzi, kwa sababu mpaka barabara zikauke kulikuwa na masika nzima mbele yetu na wanawake wenye mimba hawangoji kiangazi.

Basi tukafika kwenye ile siku. Tekla alikuwa mke wa Kondradi, mkulima wa Michenga, na ndiye aliyenifundisha mimi, msomi wa watu, kuamia ndege kwenye mpunga bila kukaukwa na sauti. Tulikwenda kumchukua alfajiri, uchungu umeshamshika. Nilikwenda mwenyewe, na Fide mgongoni, kwa sababu nilimwahidi. Tulimlaza kwenye kitanda, akafumba macho, na Kambale akaingia majini. Njia yote aliyumba pale taratibu, mkono wake umeshika upindo wa kanga yangu, ananiuliza mambo ya kipuuzi kabisa, kama ni kweli shuleni tulikula mkate kila siku. Nikamwambia ni kweli, na ulikuwa mgumu kama tofali. Akacheka, uchungu ukamkatiza, akacheka tena. Tukatoka majini, tukauona mji. Na gogo.

Koplo Gama siku ile alikuwa na askari wawili wapya, vijana, amewaleta kuwafundisha kazi. Hilo ndilo lililotuponza, nadhani. Mtu mwenye watazamaji ni hatari. "Shusheni mgonjwa, nikague."

"Mtani, tupishe," Severini akasema. "Huyu anazaa. Nikimfikisha nitarudi ukague mpaka uchoke."

"Utarudi? Mpogoro akikimbilia porini hurudi? Shusha."

Tulimshusha. Tekla alichuchumaa matopeni, ameshika tairi la nyuma kwa mikono miwili. Koplo akaanza mbele, bila haraka. Akawasha taa, akazima. Akapiga honi. Akagonga bomba kwa fimbo yake, akawauliza wale vijana, "Hii ni gari au jiko?" Wakacheka. Akapanda nyuma. "Na bembea hii ya nani? Wapogoro mmekuwa nyani?" Akachomoa kisu.

Nikapiga kelele. "Mkaguzi alisema mpaka barabara zikauke!"

"Ulimsikia wewe?"

"Kwa masikio yangu. Na wewe mwenyewe ulitafsiri."

"Kiingereza cha jikoni hicho, Mama Fide," akasema, akakata mkanda wa kwanza. Mpira ulilia kama mtu aliyechapwa. Akakata wa pili, wa tatu, kitanda kikabaki kinaning'inia kwa pembe moja kama mbuzi wa buchani. "Acheni kudekezana. Mtoto wa Kipogoro anazaliwa hata kwenye jaruba la mpunga, anajifuta matope, anakwenda kulima." Wale vijana wakacheka sana. Na Severini naye akacheka. Akiwa amemshika Tekla begani, uso wake umekuwa wa majivu, alicheka, kwa sababu mtani akitania unacheka, hivyo ndivyo alivyofundishwa tangu utotoni, na mdomo wake haukujua kufanya kitu kingine. Kicheko hicho nimekaa nacho miaka mingi kuliko kisu.

Sehemu iliyobaki Tekla aliipita amelala kwenye mbao, kichwa mapajani mwangu, na kila shimo lilikuwa shimo. Hospitalini masista walimpokea mbio. Mtoto alizaliwa amechoka. Sista alimbatiza hapohapo kwa maji ya bakuli, akamwita Maria, na jua halijazama Maria akawa amekwisha. Nilimuuliza sista kama ni barabara. Hakusema ndiyo. Alisema tu wangefika mapema kidogo, na akaenda kunawa mikono. Mimi sijui kama kitanda kingemwokoa. Watu wameniuliza hilo maisha yangu yote, wakidhani hapo ndipo watakaponikamata. Sihitaji kulijua ili nijue kwamba mwanamke mwenye uchungu hashushwi garini ili askari awaoneshe vijana namna ya kuchekesha.

Tuliporudi kutoka kwenye maziko yale ya kofia, ukumbi wetu ulijaa watu. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka upande wa Mahenge kutusaidia kupalilia, na alikaa kwenye kile kiti cha mgongo kama hakimu. Nilipika wali na samaki mkavu, kitoga, kwa sababu hata watu waliokuja kukugombeza lazima wale.

"Mwanangu," akaniambia, "askari ana bunduki, sawa, huyo unaweza kumshitaki ukiwa na wazimu wako. Lakini mtani? Utamshitaki mtani? Siku ukifa nani atakaa kaburini kwako?"

"Panya, mama. Watakaa panya."

"Usinijibu hivyo."

"Samahani, mama. Lakini nitamshitaki."

Mzee mmoja akasema hata Wazungu wenyewe wanaujua utani, Bwana DC ataona ni mambo ya watani na kunifukuza, na Severini atanyang'anywa leseni. Mwingine akasema niende kwa jumbe, tumlipishe Gama mbuzi, tuule, yaishe. Nilimtazama Kondradi, mume wa Tekla, aliyekaa karibu na mlango na sahani yake haijaguswa. Alisema neno moja tu. "Sitaki mbuzi." Kisha wote wakamgeukia Severini, kwa sababu lori ni lake na mke ni wake. Severini akatazama miguu yake. Nikamuuliza mbele ya mama yake, jambo ambalo halifanywi: "Ulicheka nini?" Watu wakaaga mmoja mmoja, wali ukabaki mwingi.

Asubuhi nilichukua mpira wa ndani wa tairi uliotoboka, mkasi wangu wa kushonea, nikakaa uani kukata mikanda. Mpira mgumu, mkasi mdogo, vidole vikatoka malengelenge. Severini alinikuta hapo. Kisha akaingia ndani, akarudi na kisu chake cha kazi, akakaa upande wa pili wa mpira. "Mikanda yako myembamba," akasema. "Haitakubeba." Mpaka mchana kitanda kilikuwa kinaning'inia tena ndani ya Kambale, kwa mpira uleule uliokatazwa, maana minyororo hatukuwa nayo na barabara zilikuwa hazijakauka.

Maji yalipopungua kiasi cha pantoni kuanza tena kuvusha, tukaondoka kwenda Mahenge. Mama mkwe alikataa kuniaga, lakini alinifungia vitumbua na togwa kwenye kibuyu, akamwambia Fide, si mimi, kwamba safari ni ndefu. Nilipanda nyuma, nikakikalia kitanda, nikamlaza Fide mapajani. Nilikuwa mzima, sina uchungu wala homa. Nilitaka tu Koplo Gama anikute humo.

Alikuwepo Kivukoni. Kofia ilikuwa imefuliwa, ina doa. Magari yamepanga foleni, wanawake wanauza samaki na ndizi, watu wa pantoni wanavuta kamba. Alichungulia chini ya turubai, akaniona ninayumba.

"Shuka, nikague."

"Sishuki. Kagua nikiwa humuhumu."

"Mama Fide, kitanda hicho nilishakikata."

"Umekikata. Nimekifunga. Kisu unacho, kata tena, mimi na mtoto tuanguke hapa mbele ya watu wote hawa. Kisha panda, tukupeleke Mahenge, maana ndiko ninakokwenda, kwa habari zako."

Wauza ndizi waliacha kuuza. Koplo akamtafuta Severini kwa macho, kule kwenye usukani. "Mtani wangu, mwambie mkeo utani una mwisho."

Nilisikia mlango wa kibanda ukifunguliwa, kisha sauti ya mume wangu, kavu, haina kicheko hata chembe. "Una mwisho, Koplo. Ulikwisha siku ile ya Tekla. Inua gogo."

Alimwita Koplo. Hakumwita mtani. Gama alisimama, mkono kwenye mkanda karibu na kisu, na nikaona mdomo wake unatafuta mzaha na hauupati. Ndiye aliyeliinua gogo mwenyewe, wale vijana hawakuwepo. Labda kule kwenye kaburi la mtoto alikuja kuomba radhi kwa njia pekee aliyoijua. Nimeliwaza hilo nilipokaa ukingoni mwa kaburi lake mwezi uliopita, na huenda ndivyo. Radhi za namna hiyo sikuzipokea.

Bomani Mahenge kulikuwa na baridi na ukungu, Fide akaanza kukohoa. Karani alikuwa kijana wa misheni, suruali ndefu, kalamu sikioni. Alinisikiliza nusu, akatabasamu. "Dada, haya ni mambo ya watani. Nenda kwa jumbe wenu." Nikamwambia nipe karatasi. Akasema yeye ndiye huwaandikia watu. Nikamwambia mimi si watu, nipe karatasi na kalamu hiyo ya sikioni. Akanipa, nadhani ili ajionee aibu yangu. Nilikaa kwenye benchi la barazani, Fide titi mdomoni, karatasi juu ya ubao wa dirisha, nikaandika kwa Kiswahili. Kiingereza ningekiweza, lakini nilitaka Tekla akisomewa aelewe kila neno. Niliandika hivi:

"Kwa Bwana DC, Mahenge. Mimi Agripina, mke wa Severini mwenye lori, wa Ifakara, namshitaki Koplo Gama wa polisi. Alimshusha garini Tekla wa Michenga akiwa katika uchungu wa uzazi, akamweka matopeni, akakagua taa na honi. Kisha akakata kwa kisu kitanda cha wagonjwa ambacho Bwana Mkaguzi wa magari aliruhusu kitembee mpaka barabara zikauke. Maneno ya Mkaguzi niliyasikia mwenyewe kwa Kiingereza, na Koplo Gama ndiye aliyeyatafsiri, aulizwe. Mtoto wa Tekla alibatizwa Maria na amekufa. Sisemi Koplo alimuua. Nasema alicheka.

"Nataka kitanda kisiguswe mpaka Mkaguzi atakaporudi, nami niwepo. Nataka pawe na amri kwamba mgonjwa hashushwi garini kwa ajili ya ukaguzi wowote. Nataka Koplo Gama ajibu mbele ya Tekla, kwa sauti, bila mzaha.

"Nimeambiwa kwamba yeye ni mtani wangu na mtani hashitakiwi. Ni kweli kwamba ni mtani wangu. Namshitaki.

"Kitanda nimekuja nacho. Kipo nje ndani ya lori, Bwana DC anaweza kutoka akakikalia kama alivyokikalia Mkaguzi. Nangoja hapa barazani. Nina mtoto wa kunyonya na chakula cha kutosha."

Karani alisoma akiwa amesimama, na tabasamu likamwisha katikati ya ukurasa. Alipofika chini aliniambia barua kwa Bwana DC lazima imalizike kwa maneno "mimi mtumishi wako mtiifu". Nikachukua karatasi, nikaandika "Agripina, mama wa Fidelisi", nikamrudishia, na nikafungua vitumbua.